Dozi ya Nyumba

Kila nyumba ilipewa dozi moja kwa miaka kumi, kwa sababu vidudu vya maradhi vilikuwa vimeshazizoea dawa nyingine zote. Namsifu aliificha ya kwao juu ya kabati, ndani ya kopo la majani ya chai. Siku ya tatu baada ya kujikata kidole akimenya muhogo, uvimbe ulipofika kwenye kiwiko, alipanda juu ya stuli akalishusha kopo. Lilikuwa tupu.

Mumewe, Mbonea, alikuwa bandani akiwawekea kuku maji.

"Baba Nakijwa, dawa iko wapi?"

Hakugeuka. "Kuku walianza kujikunyata, nikawachanganyia kwenye maji. Baba yangu alifanya hivyohivyo miaka yote, na hakupoteza hata kuku mmoja."

"Baba yako alikuwa anainunua dukani kama chumvi. Sisi nyingine tutapewa baada ya miaka saba."

"Wangekufa wote, mama."

Namsifu alitaka kumfokea, lakini homa ilishammaliza nguvu. Alibaki mlangoni akiwatazama kuku wakichakura, wazima wote, manyoya yanang'aa. Mbonea aliutazama ule mkono, kisha akainama akamkamata jogoo mnono.

"Ngoja nikuchinjie huyu," alisema kwa upole. "Supu itakupa nguvu."