Uzi Mpya Kiunoni

Nikiwa navaa suruali, kidole changu kiligusa uzi mpya kwenye mshono wa nyuma. Mwezi mzima nimejisifu kwamba kiuno kimepungua. Kumbe mke wangu, fundi cherehani, ameipanua kisirisiri.

Daktari hatanipasua goti mpaka nipungue uzito, na kwa goti hili siwezi kushuka ngazi. Tangu mwaka uanze sijatoka ghorofani.

"Ulitaka kuacha kujinyima chakula, mzee," alisema mke wangu nilipomwonyesha uzi, bila kuniangalia. "Ile mizani yako ina roho mbaya."

"Umenifanya mtoto, mama watoto. Irudishe ilivyokuwa."

Aliibana palepale. Niliivaa nimeegemea ukuta, nikavuta tumbo ndani. Kifungo hakikufika tundu.

"Vua basi, utakosa hewa."

"Niache humu humu, mpaka kifungo kifike."