Soseji za Verna

Jimbo zima la Iowa, Marekani, hakuna anayemshinda Verna kuvisha soseji beikoni na kuzipaka sukari. Ukimwacha jirani yake, na wifi yake, na akina mama wote wa kanisani.

Siku hiyo miguu ilikuwa imemvimba. Alikuwa amesimama jikoni tangu asubuhi, na wageni walikuwa njiani.

“Mama, daktari alikukataza sukari,” binti yake alimkumbusha. “Ukionja hata moja, mwakani chakula cha sherehe hii napika mimi.”

“Wewe ambaye hata yai linakushinda? Sijaonja, mwanangu. Hata kidole sijalamba.”

Binti akamkumbatia kwa huruma. Kitu kikamchoma ubavuni. Akatia mkono katika mfuko wa aproni ya mama yake, akatoa vijiti sita vya kushikia beikoni, vitupu, vikinata kwa sukari.