Alama ya Ambakisye

Siku hizi nyumba husoma kwanza ukurasa wa familia mtandaoni, ndipo iwashe taa, itoe maji na kuwafungulia wenyewe mlango. Sasa wakubwa wa mtandao wamekaza kanuni: kila alama iliyofunguliwa kwenye ukurasa lazima ifungwe, la sivyo ukurasa unazimwa, na nyumba nayo.

Tusajigwe aliufungua ukurasa wao kwenye kihariri, programu ya kuusahihisha. Mstari mmoja tu ulikuwa mwekundu. Alama ya kaka yake Ambakisye, aliyetoka kutafuta mbuzi asirudi, ilikuwa na mwanzo bila mwisho.

“Mama, kinataka nimfunge Ambakisye.”

Mama yake alikuwa akifunika sahani ya ndizi na maharage aliyompakulia Ambakisye, kama kila jioni. “Usimguse mwanangu. Hatujamzika.”

“Basi tulale gizani, bomba nalo likauke, na huyu mtoto wangu mgongoni ana homa!”

Tusajigwe akaandika alama ya kufunga. Wekundu ukatoweka.

Walikuwa bado mezani mlango ulipogongwa.

“Mama, nifungulie. Kuna baridi huku.”

Sauti ilikuwa ya Ambakisye. Mama alikimbia akavuta kitasa kwa mikono miwili, kikagoma.

“Hakuna mtu mlangoni,” nyumba ikasema kwa upole.

Tusajigwe akairukia kompyuta na kuifuta ile alama ya kufunga. Kihariri kikairudisha chenyewe. Akaifuta tena, ikarudi.

“Mama,” sauti ikasema nje, “mbona harufu ya ndizi naisikia?”