Siku ya Sitini

Siku ya hamsini na nane Tiwaa alifumba mdomo tena.

Birago alimshika taya kama anayemnywesha mtoto dawa. "Fungua, we mwanamke. Wakija Wazungu na kile chuma chao cha kupanulia midomo watakung'oa na meno yaliyobaki."

"Waje tu."

"Tuliagana nini, bi mdogo?"

Waliagana kwamba Tiwaa atakula mpaka siku ya sitini. Mkalimani wa ngome ya Wazungu, asubuhi walipotolewa gizani kupakiwa melini, aliwaambia kuvuka maji ni siku sitini, kisha watashuka nchi kavu wapewe majembe. Birago akaapa kwa Ardhi: siku hizo zikiisha na nchi hawajaifikia, Tiwaa akitaka kufa na afe, yeye hatamshika taya tena.

Nyumbani Denkyira, wake wenza hawa wawili wa Ntim hawakupikiana. Birago alimwita mwenzake mchawi mara mbili mbele za watu, na mara zote mbili aliona raha. Vita vikamchukua Ntim, vikachukua na watoto. Sasa humu tumboni mwa meli, Tiwaa ndiye mtu pekee aliyejua kwamba Birago alikuwa mama wa watoto wanne, na majina yao. Akifa Tiwaa, na hayo yamekwisha.

Kwa hiyo Birago alihesabu. Kila kulipokucha, mlango wa juu ukifunguliwa, aliitaja siku kwa jina lake na kuijumlisha na zilizopita. Mwanamke wa kushoto kwake alikufa Jumatatu moja. Alichokiona Birago ni kwamba sasa anaweza kunyoosha mguu. Alijisikiliza kama kuna huzuni ndani, hakuikuta, akanyoosha mguu.

Safari yenyewe haikuwa na haraka. Meli ilikwenda siku mbili, ikasimama nne. Ikaenda tena, ikasimama tena. Birago hakuwahi kuona maji makubwa kuliko mto Ofin, akaona ni sawa tu. Hata wachukuzi hutua mizigo njiani. Walipopandishwa juu kupata hewa waliwekwa chini ya paa la mikeka, na kando zote ni mikeka vilevile, usione ila kipande cha anga. Nyuma ya mbao, upande wa wanaume, ambako mwanzoni kulikuwa kimya, sasa zilisikika sauti nyingi na lugha nyingi.

"Wamepata nguvu," alisema Birago.

Siku ya hamsini na tisa Tiwaa alikigeuzageuza kiazi kikuu mkononi. "Bi mkubwa, hiki kina udongo. Udongo mbichi."

"Wazungu wana maghala. Kula."

"Wananinenepesha wanile."

"Wakule wewe? Mchuzi wako hautamtosha hata paka. Kula, mifupa mitupu we!"

Tiwaa alitaka kucheka, akakosa pumzi. Alikula nusu.

Siku ya sitini, jua halijapanda sana, mnyororo wa nanga ukaporomoka. Pakaingia harufu ya moshi wa kuni. Yakasikika makasia, mengi, na watu wakiitikiana wimbo wa kupiga makasia. Birago akaona furaha, na alikuwa ameshaisahau.

"Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Tiwaa. "Nipe bakuli."

Hakushikwa taya. Alikula chakula chake chote, akala na masalio ya Birago, akalamba mawese vidoleni.

"Nisamehe, bi mkubwa. Moyoni nilikuwa nakuita mwongo."

"Na mimi nilikuita mchawi kwa mdomo mpana. Yaishe."

"Huko tukifika, tutapika jiko moja?"

"Ukijua kukoroga. Maana nyumbani ulikuwa unamlisha Ntim madonge tu."

Safari hii Tiwaa alicheka kweli. Akaanza kujifuta uso kwa mate, kama mke anayekwenda ugenini.

Mlango wa juu ukafunguliwa. Hawakuitwa watoke. Wanawake sita walishushwa ndani, mmoja akasukumwa mpaka ubavuni mwa Birago. Alikuwa ameloa maji ya chumvi, na mwilini bado ananukia sabuni na moshi wa jikoni. Birago akamhurumia: kumbe hata wa huku nao hukamatwa. Akasema polepole, neno moja moja, kama unavyosema na mgeni asiyejua lugha yako.

"Dada. Nchi yenu hii. Inaitwaje?"

Yule mwanamke akamtazama, kisha akamtazama Tiwaa. Alijibu kwa Kifante, lugha ya pwani ya nyumbani, ambayo Mdenkyira yeyote anaielewa.

"Nchi gani tena, mama? Hapa ni Anomabu tu! Tangu mvua zianze tunaiona meli hii ikipita pwani yetu, inakwenda na kurudi, inanunua watu huku na huku. Leo wanasema imejaa. Kesho ndiyo tunaanza kuvuka."