Baba wa Malkia

Hakuna aliyejua mambo ya kaktasi kumshinda Bi Miiba. Yaani humo nyumbani mwake, alimoishi na paka.

Asubuhi hiyo hakutulia. Akikaa anainuka, akiinuka anachungulia dirishani. Kaktasi yake nyekundu ilikuwa imechanua, naye ameshaipaka kwa brashi ya wanja chavua aliyoipata alikojua mwenyewe. Tunda bado hata kushika, lakini kibao cha jina la mtoto keshakichomeka kwenye kopo: Malkia.

Mara wifi yake akaingia bila hodi. Huyu ndiye mwenye kaktasi ya manjano, ya pekee mtaani, na alishaapa: atakayeiba chavua yake, undugu basi.

"Hongera, wifi! Kumbe tuna mjukuu. Baba yake nani?"

"Si yule mweupe wangu pale pembeni! Kwako nimekanyaga lini mie?"

Wifi akauendea huo mmea mweupe. Ulikuwa na tumba moja tu, limefumba, gumu kama ngumi ya mtoto mchanga. Akalibonyeza kwa kidole, taratibu. Likagoma kufunguka.

"Makubwa," akasema. "Baba mwenyewe hata hajabalehe."