Mkeka Juu ya Kamba

Fundi Chande kashavuta kamba ya kuchimbia msingi wa ukuta wa mbele, kaenda kuchukua sururu. Kurudi, anamkuta Mwanahawa, mwenye nyumba, katandika mkeka juu ya ile kamba. Kakaa nusu itakapokuwa sebule, nusu nje, anamenya mihogo, wala hana habari.

"Mama, umekalia ukuta."

"Basi ukuta uhame. Miaka yote nimepanga chumba, nje nachungulia dirishani tu. Hapa kwangu nataka nipike huku nasalimiana na watu."

"Na mvua?"

"Si unaezeka? Lishushe paa mpaka huku."

Chande akacheka, akang'oa vigingi vya kamba.

Nyumba ilipokwisha, jirani Sikudhani akaja na sahani, akatafuta mlango wa kupigia hodi, hakuuona. Akavua kandambili palepale kwenye majani, akaingia.