Kipande cha Kumi na Saba

Ulisikia kila neno pale langoni, ukajifanya unatazama farasi.

Ndani, Guan Xu, mwandishi wa historia wa mfalme, alikuwa ameshika kisu cha kukwangulia wino. Mbele yake kulikuwa na kipande cha mwanzi alichokiandika asubuhi: "Waziri alifunga ghala, watu elfu tatu wa bondeni wakafa njaa."

"Mstari mmoja tu, mzee," mjumbe wa waziri akamwambia. "Kwangua, ukale na mkeo. Kwani hao wafu wanajua kusoma?"

"Hawajui. Ndiyo maana nipo mimi."

"Baba yako hakuwa mkaidi hivi, na aliketi kiti hichohicho."

Guan Xu akainuka, akashusha bunda la mianzi ya baba yake, la mwaka ule mafuriko yalipomchukua mama yake. Akapitisha kidole gumba juu ya vipande, kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa na unene mmoja, mpaka alipofika cha kumi na saba. Hicho kilikuwa kimekwanguliwa kikawa chembamba kama ukucha, kisha kikaandikwa upya: "Mwaka huu mavuno yalikuwa mema."

Akamkabidhi mjumbe kisu, ncha ikielekea kifua chake yeye mwandishi, kama wa kumwambia aue akitaka. Akachovya brashi, akaanza kuandika mstari ule wa ghala mara ya pili, kwenye mwanzi mpya.

Wino bado mbichi. Mjumbe yuko peke yake, nanyi, wewe na wenzako, mmejaa langoni. Acha farasi wa watu, ingia ukakichukue kipande hicho kabla hakijakwanguliwa, sasa hivi!